Usilifunge Hilo Kabati

Nilikuwa kwenye mkutano wa video nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa sauti inakatika. Ofisi yetu imepinda kama herufi L. Ruta iko mwisho wa mkono mmoja, meza yangu iko kwenye mkono wa pili, na katikati kuna ukuta wa zege ambao sijui aliyeujenga alikuwa anamwogopa nani. Pale mikono miwili inapokutana, kwenye kona, kuna kabati la chuma la kuwekea mafaili.

Mwenzangu alikuja kutafuta faili. Akafungua mlango wa kabati, akauacha wazi, akawa anapekua.

Sauti ikanyooka. Sura ya mtu iliyokuwa imeganda mdomo wazi kwa dakika nzima ikaanza kusema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikasikia sentensi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Faili likapatikana, mlango ukafungwa. Sura ikaganda tena.

"Dada, hebu lifungue tena hilo kabati."

"Kuna unachotafuta?"

"Hapana, lifungue tu. Nusu. Hapo hapo. Usilifunge!"

Alinitazama kama mtu anayefikiria kumpigia simu ndugu yangu wa karibu. Lakini akauacha mlango wazi, na mkutano ukafika mwisho.

Jioni, watu walipoondoka, nilikaa mezani na programu ya kupima nguvu ya mawimbi kwenye simu. Kabati likiwa limefungwa: hasi 76. Mlango ukiwa wazi kwa mshazari: hasi 62. Kwenye kipimo hiki, kadiri namba inavyosogelea sifuri ndivyo afadhali. Tofauti ya desibeli 14 inaonekana ndogo mpaka uigeuze kuwa nguvu halisi. Ni mara 25.

Mara 25, kwa mlango wa bati usio na waya wala betri.

Jambo hilo lilinikaa kichwani wiki tano.

## Kioo tusichokiona

Kwamba chuma huakisi mawimbi ya redio si habari kwa yeyote. Kilichonisumbua kilikuwa kingine. Mtandao ukisumbua, tunachofanya siku zote ni kuongeza sauti: ruta kubwa zaidi, antena zaidi, mnara mwingine. Kuta, dari na milango tunavichukulia kama hali ya hewa, yaani mambo ya kuvumilia tu. Je, kama ukuta wenyewe ungeweza kuambiwa pa kuyapeleka mawimbi?

Nikaanza kusoma, nikakuta swali langu lina wenyewe, na wameshalijibu kwa vifaa. Wanatengeneza nyuso za kuakisi zinazobadilishika. Ni ubao bapa, mwembamba, uliojaa vigae vidogo vya shaba, kila kimoja kikiwa na upana wa nusu ya urefu wa wimbi au chini ya hapo. Chini ya kila kigae kuna diodi, kifaa kidogo cha elektroniki. Ukiibadilishia diodi umeme, kigae kinabadilisha wakati wa kulirudisha wimbi: kinalirudisha papo hapo, au kinalichelewesha kidogo.

Basi. Kazi ya kigae inaishia hapo. Hakikuzi chochote.

Lakini tazama kinachotokea vigae vikishirikiana. Kioo cha kawaida ukitaka kirushe mwanga upande mwingine, unakigeuza. Ubao huu haugeuki. Kila kigae kinamzidi jirani yake kidogo kwa kuchelewa, na ucheleweshaji huo ukipangwa kama mteremko, wimbi linaondoka kwa pembe nyingine kabisa, kana kwamba kuna mtu amekiinamisha kioo. Mwaka 2011 kundi la Federico Capasso katika Chuo Kikuu cha Harvard lilichapisha kanuni ya jumla ya kuakisi na kupinda kwa nyuso za aina hii. Ile sheria tuliyokariri shuleni, kwamba pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kutoka, ikageuka kuwa hali moja tu kati ya nyingi: hali ya uso ambao vigae vyake vyote vinafanya jambo moja.

Kuhusu ukubwa, inategemea masafa. Wi-Fi ya karibu GHz 5.5 ina wimbi la sentimita 5.5 hivi, kwa hiyo ubao wa nusu mita kwa nusu mita unabeba vigae 324. Kwenye GHz 28, masafa ambayo 5G ya kasi kubwa inayatumia, wimbi lina milimita 10.7 tu. Ubao uleule unabeba vigae 8,649.

Na huko juu ndiko uhitaji uliko. Mawimbi ya GHz 28 hayajui kuzunguka kona. Ukuta unayazima, na hata kiganja kinachoshika simu kinayapunguza, seuze mtu anayekatiza mbele yako.

## Hesabu iliyonilewesha

Kuna usiku niliokesha kwa sababu ya hesabu moja.

Chukua vigae 100. Vikiwa vimepangwa ovyo, kila kimoja kikirudisha wimbi kwa wakati wake, nguvu inayoifikia simu ni kama mara 100 ya kigae kimoja. Sawa, hilo halishangazi. Sasa vipange ili mawimbi yao yote yafike kwenye simu kwa hatua moja, kilele juu ya kilele. Nguvu haiwi mara 100. Inakuwa mara 10,000.

Ukiongeza vigae mara mbili, nguvu inapanda mara nne.

Sababu ni kwamba kinachojumlishwa ni vimo vya mawimbi, na nguvu ni kimo kuzidishwa kwa kimo. Hakuna nishati inayozaliwa hapo. Ubao mkubwa unadaka mawimbi mengi zaidi, huo ni ushindi wa kwanza. Kisha unayakusanya kwenye mwale mwembamba zaidi, kwa hiyo machache yanapotea pembeni, huo ni wa pili. Zidisha wa kwanza kwa wa pili.

Nilishaanza kuona ofisi yetu yote imepigwa vigae kama bafu. Nikamwandikia rafiki yangu ujumbe mrefu usiku wa manane. Alijibu asubuhi kwa neno moja: "Umbali?"

## Hesabu iliyonizindua

Wimbi likitoka kwenye ruta linasambaa, na nguvu yake inashuka kwa mraba wa umbali. Likifika ubaoni, kigae kimoja kinadaka tone tu. Tone hilo nalo linaanza safari upya, linasambaa tena, linashuka tena kwa mraba wa umbali wa pili.

Hasara hizo mbili hazijumlishwi. Zinazidishwa.

Weka kifaa cha kurusha na cha kupokea mita 100 mbali, kisha ubao katikati kabisa: 50 mara 50 ni 2,500. Sogeza ubao uwe mita 5 tu kutoka upande mmoja: 5 mara 95 ni 475. Uwiano wake ni 5.3 hivi, na kwa kuwa nguvu inafuata mraba, ubao uleule, bila kuongezwa kigae hata kimoja, unatoa nguvu mara 27 na ushee zaidi ya ilivyokuwa.

Katikati ndiko kubaya kuliko kote. Mimi ningeuweka katikati. Repita ya kawaida, kile kifaa kinachopokea mawimbi na kuyarusha upya, ndivyo tunavyoiweka, na mkono ulishazoea.

Hilo linaeleza pia kwa nini vigae lazima viwe vingi mno: ule ulevi wa mara 10,000 unatumika karibu wote kulipa deni la umbali uliozidishwa. Mwaka 2020 mtafiti Emil Björnson na wenzake waliupambanisha ubao wa aina hii na repita inayopokea ujumbe, kuufumbua na kuurusha upya. Jibu lao halikuwa la kushangilia: ili ubao ushinde, unahitaji kuwa mkubwa sana, au kasi ya data inayotakiwa iwe juu sana.

Nilifunga kompyuta. Kwa siku kadhaa niliona haya kwa ule ujumbe wa usiku wa manane.

## Puto la mwaka 1960

Kilichonirudisha ni puto.

Tarehe 12 Agosti 1960 NASA ilirusha angani Echo 1, puto la plastiki nyembamba lililopakwa alumini, kipenyo chake mita 30 hivi. Lilikuwa kioo kikielea. Unalirushia mawimbi kutoka upande mmoja wa nchi, yanadunda, wanayadaka upande mwingine. Halikuwa na kikuza mawimbi. Mawimbi yaliyorudi yalikuwa hafifu kiasi kwamba huko Holmdel, New Jersey, walijenga antena kubwa yenye umbo la pembe ili kuyasikia. (Antena hiyohiyo ndiyo ambayo Arno Penzias na Robert Wilson waliitumia baadaye, wakasikia mnong'ono usioisha, wakadhani ni uchafu wa njiwa, kumbe ni mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu. Wakapata Nobeli mwaka 1978. Puto hilo lilizaa zaidi ya lililotumwa.)

Julai 1962 ikaruka setilaiti ya Telstar 1. Ilipokea, ikakuza, ikarusha. Mambo ya puto yakaishia karibu hapo, na setilaiti za mawasiliano zikafuata njia ya Telstar.

Kwa hiyo mashindano kati ya kioo na kikuza mawimbi yalishafanyika, na kioo kilishindwa. Nikajiuliza kama nilikuwa nimependa kitu kilichokufa kabla sijazaliwa.

Ila kuna upande ambao kioo hakikufa. Milimani, ambako njia ya mawimbi kutoka mnara hadi mnara inazibwa na kilele, mafundi wamekuwa wakisimamisha mabango makubwa ya chuma, matupu, yasiyo na maandishi wala umeme. Bango linakaa pale miaka na miaka likigeuza mawimbi upande mmoja uleule. Halina cha kuharibika.

Na kabati letu lilinipa mara 25. Kama hasara zinazidishwa, lilizitoa wapi?

## Siri ya mlango

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu kuliko popote. Maandishi mengine yalisema umbali unazidishwa. Mengine yalisema unajumlishwa: kioo kikubwa kinafanya ionekane kama ruta nyingine imesimama nyuma yake, na wimbi linadhoofika kwa urefu wa safari nzima tu, mita sita na mita nne kuwa kumi. Nilidhani upande mmoja umekosea.

Hakuna aliyekosea. Tofauti ni ukubwa wa kioo.

Mfaransa Augustin Fresnel, karne ya 19, alikuwa akishughulika na mwanga, lakini hesabu yake haijali ni wimbi gani. Kwenye kioo kuna doa ambamo mawimbi yote yanayodunda yanamfikia mpokeaji yakisaidiana. Kwa mita zangu sita na nne, za pande mbili za kabati, na Wi-Fi ya GHz 5.5, doa hilo lina upana wa sentimita 70 hivi wimbi likigonga moja kwa moja; likija kwa mshazari doa linarefuka kama yai. Kipande kidogo mno kuliko doa kinaishi kwa sheria ya kuzidisha. Kioo kinacholifunika doa lote na zaidi kinaishi kwa sheria ya kujumlisha.

Mlango wa kabati una upana wa sentimita 45 na urefu wa mita 1.8. Kwa upana haulifuniki doa. Kwa urefu unalipita mbali. Ulikuwa kioo kamili kwa kwenda juu, nusu kioo kwa kwenda pembeni, na hiyo ilitosha.

Sasa swali linalofuata. Je, nikileta mlango mpana mara kumi, nitapata zaidi? Kidogo sana. Nje ya doa kuna pete ambayo mawimbi yake yanafika kinyume, bonde mahali pa kilele, na yanapunguza. Nje ya hiyo kuna pete inayosaidia, kisha inayopunguza, hivyo hivyo, zinafutana. Bati tupu, hata liwe kubwa kama ukuta, haliwezi kuizidi faida ya lile doa la kati.

Niliposoma hapo nilisimama.

Kwa sababu kigae kinachoweza kulichelewesha wimbi kwa nusu mzunguko kinaichukua ile pete inayopinga na kuigeuza iwe upande wetu. Pete zote zinaanza kuvuta kamba moja. Bati haliwezi hilo. Kwa umbali wa chumbani, ubao wa vigae unaweza kulizidi bati lenye ukubwa uleule, na unalizidi kwa kuyalenga mawimbi mahali pamoja, kama lenzi inavyolenga jua kwenye karatasi.

Na hauhitaji ustadi mwingi wa kuchelewesha. Kigae chenye hali mbili tu, papo hapo au nusu mzunguko, kinaokoa asilimia 40 ya nguvu ambayo kigae kamilifu kingeleta. Chenye hali nne kinaokoa 81. Hali nane, 95. Baada ya hapo unalipia mapambo.

Upande wa pili wa shilingi ni huu, na sikuukuta umesemwa kwa sauti mara nyingi: ubao ukiwa mdogo kuliko doa, au mpokeaji akiwa mbali sana, bati la ukubwa uleule likiinamishwa kwa pembe inayofaa linaleta nguvu ileile. Kwa hali hiyo, vigae vyote, diodi zote na nyaya zote zile zinakupa kitu kimoja tu ambacho bati halina.

Kugeuka bila kugeuzwa.

## "Umepitiliza, rudi!"

Mlango wa kabati haukuweza kubaki wazi. Watu waligonga magoti, na mafaili yenyewe si ya kuonwa na kila mpita njia. Kwa hiyo Jumamosi moja nilichukua boksi la televisheni, nikalipasua, nikalifunika kwa karatasi ya alumini ya jikoni, nikapata ubao wa sentimita 60 kwa 90. Nikausimamisha juu ya kabati.

Yule mwenzangu wa faili alikuwa na zamu siku hiyo. Nikamwomba akae kwenye kiti changu na simu yangu, anisomee namba.

"Sabini na tano."

Nikageuza kidogo.

"Sabini na tano. Sabini na nne. Sabini... sitini na sita! Sitini na moja! Hapo!"

"Hapo?"

"Umepitiliza. Rudi. Rudi tena kidogo. Sitini. Acha, usiguse!"

Kila aliyewahi kupandishwa juu ya paa kuzungusha antena ya televisheni huku nduguye akipiga kelele kutoka sebuleni anaijua kazi hii. Mikono inakumbuka yenyewe. Nilikuwa nacheka peke yangu juu ya kiti, na ghafla nikaacha kucheka.

Kwa sababu nilikuwa nimeona sehemu iliyokosekana kwenye michoro yote niliyoitazama kwa wiki tano.

Kwenye michoro kuna mnara, kuna ubao ukutani, kuna mtu na simu, na mishale miwili mizuri. Hakuna anayepiga kelele kutoka sebuleni. Siku ile ofisini, kipimo kilikuwa macho ya mwenzangu, mawasiliano ya kuuongoza ubao yalikuwa sauti yake, na akili ya ubao ilikuwa mimi. Tuondoe sisi wawili, ubao haujui lolote. Karatasi ya alumini ndiyo ilikuwa sehemu rahisi kuliko zote.

## Ukuta hausikii

Kigae hakina kipokezi. Ndicho kinachokifanya kiwe rahisi kutengeneza na kitumie umeme kidogo (kidogo, si sufuri, diodi elfu nane na nyaya zake zinakula kitu). Lakini maana yake ni kwamba ubao hauwezi kujua wimbi limetoka wapi wala simu iko wapi. Ni mtu anayerusha mpira akiwa amefungwa kitambaa machoni.

Kujaribu mipangilio yote haiwezekani. Vigae 8,649 vyenye hali mbili kila kimoja vina mipangilio ambayo idadi yake ina tarakimu zaidi ya 2,600. Njia ya kistaarabu ni kurusha ishara za kupimia na kukadiria mchango wa kila kigae, na kwa kawaida hilo linadai vipimo vingi kama vigae vyenyewe. Wakati huohuo mtu anatembea. Kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde anavuka nusu wimbi la GHz 28 ndani ya milisekunde tano, na jinsi mawimbi yanavyokutana mahali alipo inaweza kuwa imeshabadilika kabla hujamaliza kuhesabu.

Jaribio lililonipendeza kuliko yote lilifanywa na Venkat Arun na Hari Balakrishnan pale MIT, wakalitoa mwaka 2020 kwa jina RFocus. Ukuta wa mita sita za mraba, antena ndogo 3,720, kila moja ikiwa na hali mbili. Hawakujaribu kupima kila njia ya wimbi. Waliuwekea ukuta mipangilio ya kubahatisha, mmoja baada ya mwingine, na kila mara mpokeaji akaripoti nguvu tu, namba moja. Kisha wakaiuliza kila antena: ulipokuwa umewashwa, kwa ujumla namba zilikuwa nzuri zaidi au mbaya zaidi? Nzuri, washwa. Mbaya, zimwa. Ni kura. Kila antena inaamuliwa na wingi wa kura zake, bila kujua jirani yake anafanya nini.

Nguvu ya mawimbi ofisini mwao ilipanda mara 9.5 kwa kipimo cha kati, na uwezo wa kubeba data mara mbili.

Ona kilichofanya kazi hapo. Ni yule wa sebuleni, akiitikia "bado, bado, hapo".

Wengine wanatafuta njia ya kumpunguzia kelele: kuhifadhi mipangilio michache ya sehemu zinazojulikana, mlangoni, mezani, dirishani, na kuchagua mmojawapo; au kuchomeka vigae vichache vinavyosikia katikati ya vile viziwi. Mimi naona njia ya kwanza ndiyo itakayofika sokoni. Watu wengi ofisini hawaendi popote, wanahama kutoka kiti hadi kiti.

Kuna na waliokwepa swali lenyewe. Mwaka 2020 NTT Docomo, kampuni ya simu ya Japani, na AGC, watengeneza vioo, walionyesha kioo cha dirisha kinachopitisha mwanga kama kawaida lakini kikibadilika kati ya kupitisha na kuakisi mawimbi ya GHz 28, kwa kusogeza tu matabaka yake mawili karibu au mbali. Hali chache, uamuzi mmoja, hakuna wa kupiga kelele. Nakiheshimu sana kioo hicho.

## Mawimbi ya wengine

Shaka yangu ya mwisho haijaondoka.

Ubao hauchagui. Repita ina chujio: inashika masafa yake, mengine inayaacha. Kigae cha shaba kinaakisi chochote kinachokigonga. Kampuni moja ya simu ikiuelekeza ubao kwa mteja wake, mawimbi ya kampuni nyingine yanayopita hapohapo nayo yanageuzwa, ovyo, bila wao kuambiwa, tena yanabadilika kila ubao unapobadilika. Mtu wa upande wa pili ataona mtandao wake unapanda na kushuka bila sababu, kama mimi na kabati.

Huenda hilo ni sehemu ya sababu mambo yanakwenda polepole. ETSI, shirika la Ulaya la viwango vya mawasiliano, ilianzisha kundi la kushughulikia nyuso hizi mwaka 2021. Lakini 3GPP, wanaoandika kanuni za mitandao ya simu, walipofika toleo la 18 walichoingiza ni repita zinazoongozwa na mtandao. Nyuso zikabaki nje, zikisubiri kizazi kinachofuata. Telstar tena.

Sidhani walikosea. Lakini nikitazama mabango ya milimani nashuku kwamba tumelikimbia bati haraka mno kwa sababu halina akili. Kona nyingi za majengo hazihitaji ubao wenye vigae elfu nane. Zinahitaji bati moja, limewekwa na mtu aliyejua pa kuliinamishia, karibu na upande mmoja, si katikati.

## Kiti cha zamani

Ule ubao wa boksi ulikaa juu ya kabati mwezi mzima. Nilihudhuria mikutano nimekaa, kama binadamu wengine. Watu waliuliza mara moja moja ile takataka inayong'aa ni ya nini, mwenzangu akawajibu kwa niaba yangu, kwa madaha, kwamba ni antena yetu.

Wiki iliyopita wakapanga upya ofisi. Meza yangu imehamishiwa dirishani, mita tatu tu kutoka ilipokuwa.

Nimepima hapa nilipo: hasi 75.

Nimerudi pia kupima pale pa zamani. Hasi 60, hakuna pengine ofisini panaposhika vizuri hivyo. Juu ya kiti wameweka katoni nne za karatasi za printa.